Mtani Haombwi Radhi

Nianze na lile mnalotaka kulijua: sijapona, na sitapona. Daktari aliniambia mwenyewe, kwa upole, huku macho yake yako kwenye karatasi. Kilichopita ni kile kipindi cha kujificha, na wallahi hicho kilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kama na wewe kidole kinakucheza chenyewe, na mbele za watu unakikalia ili wasikione, soma haya. Dawa ya kukupa sina. Nina aibu yangu tu, na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Naitwa Mwanahawa, wa Kibiti. Watu walinijua kwa mambo mawili, mikeka na mdomo. Mikeka yangu ya ukindu ilikuwa inawekewa ahadi kabla sijaenda hata kuukata huo ukindu. Na mdomo, haya, mdomo uliponza kichwa, msemo huo nimeusikia tangu mdogo na sikuwahi kudhani unanihusu. Nilikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Nikimwona mtu anatembea mara moja tu, jioni natembea mbele yako kama yeye mpaka unatazama kama nimevaa viatu vyake. Kwenye harusi nikisimama mie, bwana harusi anasahaulika.

Niliyekuwa namwigiza kuliko wote ni Mshamu. Mama yangu na baba yake Mshamu walinyonya titi moja, watu wa Mbwera, kule visiwani mto unapoingia baharini. Kwa hiyo Mshamu ni binamu yangu, na kwetu binamu ni mtani. Naweza kumvua kofia mbele ya wakwe zake. Naye anaweza kuninyang'anya sahani ya wali nikabaki nalamba vidole, na hakuna wa kununa, maana mtani akinuna anachekwa zaidi. Tena mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umekiri mwenyewe kwamba siku ile hukuwa unatania.

Mshamu alikuwa diwani wa kule kwao vipindi viwili. Katika kampeni zote mbili aliahidi boti ya wagonjwa, maana Mbwera kutoka ni kwa maji tu. Binti yangu Zuhura alikuwa ameolewa huko. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, hakuna chombo ila mtumbwi wa kuazima, na maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi unasukumwa kwenye tope. Mtoto alizaliwa humo humo katikati ya mikoko, na hakulia. Walipofika Nyamisati walikuwa wamemfunga kwenye kitenge. Mshamu alikuja Kibiti kutoa pole. Nilimpa uji, nikamkalisha kwenye mkeka, nisimwambie lolote kuhusu boti. Hasira nikaimeza ikakaa.

Miaka ikapita, Mshamu akaanza kutetemeka. Akaacha udiwani, nikasema sasa tumepumzika. Kumbe wapi! Akaanza upya. Redio ukifungua ni Mshamu, mkutano ukiitishwa ni Mshamu, anasema ugonjwa huu wa kutetemeka ufanyiwe utafiti huku kwetu, wagonjwa wasifichwe, serikali ilete wataalamu. Mie nasikiliza huku nasuka, nasema moyoni, boti ilikushinda, leo unataka utafiti kwa sababu mwili ni wako.

Wataalamu wakaja kweli. Walikuwa watatu, na meza yao, kwenye kiwanja cha shule hapa Kibiti, msimu wa korosho. Walitaka wenye ugonjwa huo wajiandikishe na wafuatiliwe miaka kadhaa. Wakipatikana wa kutosha, kliniki ingefunguliwa hapa hapa, watu wasihangaike kwenda Dar. Pembeni tayari kulikuwa na foleni ya wazee walioletwa na watoto wao.

Mshamu akapanda jukwaani. Mwili wote ulikuwa unacheza, si mkono tu. Bega, shingo, kiuno, anajinyonga kama mtu aliyeingiliwa na siafu ndani ya kanzu. Akasema, "Ndugu zangu, nitazameni vizuri. Nimekuja ili mnitazame. Na wenzangu mliowafungia vyumbani, watoeni."

Wataalamu wakaruhusu maswali, nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa na swali la haki kabisa, boti iko wapi, na kila mtu pale angelielewa. Sikuliuliza. Niliuachia mkono wangu wa kulia utetemeke, nikajinyonga kiuno, nikakokota maneno kama yeye: "Nn-ndugu zangu, nn-nitazameni!" Kisha nikawageukia watu. "Huyu ni binamu yangu, msidanganyike! Leo hakumeza dawa makusudi, ili mumwonee huruma. Mpeni pilau hapa muone mkono unavyotulia!"

Loo, watu walicheka. Vijana walikuwa wanaanguka chini, simu zote juu wananirekodi. Bibi mmoja mbele akaniambia, "Hujafa hujaumbika, mwanangu." Nikamjibu, "Mie nimeshaumbika, bibi, hebu nitazame nyuma!" Wakacheka tena. Na Mshamu alicheka. Angefanyaje, mtani wake nimemwingia.

Nilipokuwa narudisha kipaza sauti niliona mtu mmoja kwenye ile foleni anamfunika mama yake khanga kichwani, anamshika bega, wanaondoka. Halafu na wengine. Wale wataalamu walikaa na meza yao siku mbili, hakwenda mtu. Nani aende, wakati video yangu ilikuwa imeshafika Ikwiriri, Mkongo, mpaka Mafia? Siku ya tatu wakakunja meza. Kliniki haikuja.

Niliporudi nyumbani siku ile nilimkuta Zuhura anachambua mchele. Alikuwa amesharudi kwangu, ndoa haikustahimili ule msiba. Alikuwa ameiona video. Akasema, "Mama, mie sikukutuma." Nikamwambia huo ni utani tu. Akaendelea kuchambua.

Masika ya pili baada ya hapo, dole gumba langu la kulia likaanza. Nilikuwa nasuka, likawa linajiviringisha lenyewe, kama linahesabu tasbihi isiyokuwepo. Nikalibana, likatulia. Nikaliachia, likaanza. Nikajiambia ni uchovu. Nilikuwa nimeshaacha kusikia harufu, nikapika dagaa wameoza na nikawala, nikasema ni mafua. Ukili, ule msuko unaoshonwa kuwa mkeka, ukaanza kutoka mpana huku na mwembamba kule. Mteja wa kwanza akarudisha mkeka, akasema kwa heshima kwamba labda aliyeshona ni mwanafunzi wangu. Nikasema ndiyo.

Mume wangu Seif alinipeleka kwa shehe, nikanywa kombe, yale maji ya aya, wiki tatu. Tukaenda na kwa mtu mmoja huko mbele ya Ikwiriri, akanifukiza mpaka nikakohoa kama mbuzi. Mtu yule akauliza, kuna mtu yeyote umemkosea? Seif akanitazama. Nikasema hakuna. Toka siku hiyo Seif akawa anakula peke yake barazani, anasema nazimwagia nguo zake mchuzi. Simlaumu sana. Mchuzi kweli nilikuwa naumwaga.

Hospitali kubwa ya Dar nilifika wakati wa vuli, Zuhura akinishika. Wale mliokaa kwenye yale mabenchi mnayajua. Unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa mpaka makalio yanakufa. Pale sikuwa na haja ya kuukalia mkono, benchi zima lilikuwa linatikisika. Mama mmoja wa Morogoro alinipa nusu ya kitumbua chake, akaniambia, "Vidonge meza kabla ya chakula, usingoje ushibe." Nadhani huo ndio wema wa kwanza niliotendewa mwaka ule. Daktari aliniambia nifumbue na kufumba vidole, nitembee mpaka mlangoni nirudi, halafu akalitaja jina la ugonjwa. Nililijua. Nilikuwa nimelisikia redioni kwa sauti ya Mshamu.

Tangu hapo siku yangu ni vidonge. Asubuhi, mchana, jioni. Kabla ya kidonge nimeganda, nafika mlangoni miguu inakataa kuvuka kizingiti, Zuhura inabidi aweke fimbo chini mbele yangu niiruke ndiyo nitoke. Uso nao ukaacha kunitii. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza, "Bibi, umenuna?" Nikamwambia sijanuna, nacheka. Akanitazama, akaondoka kwenda kucheza. Mie, Mwanahawa, mwenye sura za watu wote wa Kibiti, nimebaki na sura moja, na hiyo yenyewe si yangu.

Kufikia masika iliyofuata kikaja kitu kingine. Nikishameza kidonge, baada ya muda mfupi bega linaanza kujinyonga, shingo inafuata, kiuno kinafuata. Nilimwambia nesi wa dirisha la namba kule hospitali, nadhani dawa imekataa. Akasema, "Hapana mama, hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Ikipanda inakuchezesha. Bila hiyo ungekuwa umeganda, hata kuongea usingeweza."

Nilisimama pale dirishani mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanigusa nipishe. Siafu ndani ya kanzu. Siku ile jukwaani Mshamu alikuwa amemeza dawa. Alimeza ili aweze kusimama na kutusemesha, akajua itamchezesha mbele ya watu wote, akapanda hivyo hivyo. Na mie nikawaambia watu hakumeza.

Siku hiyo hiyo, kana kwamba haijatosha, nilikutana naye. Nilirudi kwenye benchi kungoja kuonwa na daktari, namba yangu iko mbali bado. Mara naona mkewe, Bi Tatu, anaingia anamkokota. Alikuwa amekwisha mwili, kanzu inaning'inia. Bi Tatu akamkalisha karibu yangu, akaenda kutafuta maji. Mkono wangu niliuchomeka haraka chini ya paja, ndani ya khanga.

"Mtani," akasema Mshamu. Sauti ilikuwa imeshuka, inabidi umwinamie. "Umenifuata mpaka huku kuniigiza?"

Hapo ndipo mlango wa kusema ulipofunguliwa. Ningeutoa mkono tu, basi, nisiseme hata neno. Badala yake nikasema, "Aka, nimemsindikiza Zuhura. Kichwa kinamsumbua."

Zuhura alikuwa kando yangu. Akatazama sakafu. Mshamu akamwambia, "Pole, mwanangu," na Zuhura akaitikia, akaubeba uongo wangu.

Mshamu akavuta pumzi. Kisha akasema, polepole, neno moja moja, "Siku ile kiwanjani, mtani. Najua ilikuwa boti. Ungesema boti. Ningekujibu. Ningesema nilishindwa, ungenitukana, ingekuwa haki yako. Lakini ulitaja mkono. Mkono haujui kujibu."

Mlio na watani mtanielewa. Radhi ilikuwa hapa kooni, na kuitoa ni kusema kwamba mbele ya watu wote wa Kibiti nilimtukana ndugu yangu mgonjwa. Nikaogopa. Nikamwambia, "Na wewe punguza kucheza, benchi linatembea, litatufikisha Chalinze." Akacheka. Uso haukucheka, ni mabega tu.

Bi Tatu akarudi na maji. Na nesi akatoka mlangoni na karatasi, akaita jina langu lote, Mwanahawa binti fulani, mpaka na jina la babu. Akaita mara ya pili. Sikuinuka. Akaita aliyefuata. Nilikaa vile mpaka Mshamu alipokwenda kwa daktari wake akatoka, wakaaga, wakaondoka. Nilipokwenda mlangoni nikaambiwa daktari wangu amemaliza, nije tarehe nyingine. Nikarudi Kibiti bila vidonge vya kutosha, Zuhura akavikata nusu nusu. Tulipokaribia Mkuranga akauliza, "Mama, unamficha nani? Yeye ndiye mtu pekee duniani asingekushangaa."

Nilijiwekea ahadi kwamba nikipata nguvu nitakwenda Mbwera. Maji yakajaa mwaka ule, mashamba ya mpunga yakazama, safari zikakatika. Yalipopungua nikasema ngoja nimalize vidonge hivi. Nilipovimaliza nikasema ngoja joto lipungue. Mtu akitaka kuahirisha hakosi sababu. Mshamu akafa mwanzoni mwa vuli, wakamzika siku hiyo hiyo.

Nilikwenda kwenye matanga, na Zuhura. Boti kutoka Nyamisati ilikwama kwenye mkono wa mto, tukangoja maji yajae. Tulingoja mpaka saa ya kidonge ikapita, na maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Nilipoteremka Mbwera ilikuwa siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga, na mkono wa kulia ulikuwa hauzuiliki hata kwa mkono wa kushoto. Nikauficha chini ya khanga, nikakaa na wanawake uwanjani, nikaitikia dua.

Hitma ilipokwisha, wali ukaliwa, nikajua kinachofuata. Marehemu wa kwetu hasindikizwi kwa machozi matupu. Mtani wake husimama akamwigiza alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anasema, ili watu wamwone mara ya mwisho na waondoke wanacheka. Shangazi yetu Mwajuma, kizee cha watu, akasimama na fimbo yake.

"Mtani wa Mshamu yuko wapi? Namwona yule pale anajikunyata kama mwali! Simama, Mwanahawa, utupe Mshamu wetu!"

"Shangazi, leo sijisikii."

"Mweh! Akiwa hai ulimwigiza mpaka Mafia wakakuona, leo kafa ndiyo unamwonea haya?"

Wakacheka. Wakanivuta khanga, nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja, mkono uko nje. Ukaanza. Haukuwa mkono tu. Mguu ulikataa kunyanyuka, nikawa napiga vihatua vidogo vidogo pale pale, kichwa kimeinama, nataka kusema na sauti haitoki.

Uwanja ulilipuka. "Ndiye huyo huyo!" "Jamani, Mshamu karudi!" Mzee mmoja alikuwa anapangusa machozi kwa kofia. Nikasema, "Siigizi." Sauti ilitoka ndogo, ya kukokota, sauti ya Mshamu kabisa. Wakacheka zaidi. Nikasema tena, "Nn-ndugu zangu, siigizi. Naumwa." Shangazi Mwajuma akapiga vigelegele.

Nitakwambia ukweli, pale nilitamani ardhi inimeze. Nilimtafuta kwenye zile nyuso mtu mmoja tu wa kuniamini, nikakosa, na wale si watu wabaya. Ni ndugu zangu. Wanacheka kwa kuwa mie ndiye niliyewafundisha kucheka hivyo.

Zuhura alipenya katikati ya watu, akaweka kandambili yake chini mbele ya mguu wangu. Nikairuka, nikapata mwendo. Akaniingiza ndani, chumba cha mjane, maana Bi Tatu alikuwa edani hatoki. Akaomba maji, nikameza kidonge mbele ya wanawake wote waliokuwa humo. Tangu saa ile sijauficha mkono huu tena kwa mtu yeyote.

Bi Tatu aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya paja lake, akaubana juu kidogo ya kiganja, mahali penyewe hasa pa kubana. Alikuwa amezoea. Mkono ukapoa kidogo.

"Nilitaka kumwomba radhi," nikamwambia. "Nilichelewa."

"Mtani haombwi radhi."

"Ule haukuwa utani, Bi Tatu."

"Alijua haukuwa utani." Akaendelea kuubana. Uwanjani walikuwa bado wanacheka, mmoja wao sasa ananiigiza mie, nasikia, "Siigizi! Siigizi!"

Bi Tatu akatazama dirishani, akarudisha macho kwangu. "Siku ile hospitali alikusikia unaitwa, ukakaa. Tulipokuwa kwenye boti ya kurudi akaniambia, 'Mtani wangu anaumwa. Usimwambie mtu kule Mbwera, wasije wakamwigiza.'"